Moto Hauko Ndani ya Mkaa

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Mabatini joto la jiko linatoka wapi, atakujibu bila kusita: kwenye mkaa. Mkaa una nishati, ukiuchoma nishati inatoka. Jibu hilohilo analo mama yake anayepepea jiko mlangoni, analo muuza mkaa anayepima kwa kopo, na mara nyingi analo hata mwalimu wake. Kwa kununulia mkaa jibu hilo linatosha. Kwa kemia linapotosha, na likishakaa kichwani, somo la mabadiliko ya nishati katika mimenyuko ya kikemikali hubaki kuwa kazi ya kukariri ishara: hasi joto limetoka, chanya joto limeingia, tuendelee na mada nyingine.

Wapo watu waliouelewa moto vizuri kuliko hapo, baadhi yao bila kujua kusoma. Wayeyushaji chuma wa upande wa pili wa Ziwa Victoria, wachoma chokaa wa pwani na wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 18 na 19 walihangaika nao, kila kundi kwa swali lake. Nikiyapanga maswali yao pamoja na lile tunalowauliza watoto wetu kwenye mtihani, naona la kwetu ndilo dogo kuliko yote.

Tuanze na jiko lenyewe. Mabatini ni kata ya Nyamagana, jijini Mwanza. Nyumba zimepandana mlimani kati ya majabali, na jioni majiko hutolewa nje yashike moto. Mkaa ukianza kukolea, kabla haujawa mwekundu wote, juu yake huonekana miali ya buluu inayocheza, inayozimika na kurudi. Ile si rangi ya mkaa. Ndani ya rundo, hewa inayoingia kupitia tundu za jiko ni chache kwa mkaa ulio mwingi, kwa hiyo kaboni huambulia nusu ya oksijeni inayoihitaji na kuwa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hupanda, hukutana na hewa zaidi juu ya jiko, na huko huungua kwa buluu. Kwa kila gramu 12 za kaboni, hatua ya kwanza hutoa kilojuli 110.5, ya pili 283. Ukijumlisha unapata 393.5, yaani kile ambacho kaboni ingetoa kama ingeungua kwa mkupuo mmoja kuwa kaboni dayoksaidi.

Mkaa ni uleule, kaboni ni ileile, lakini ukiubana hewa unakupa asilimia 28 tu ya joto. Ikiwa nishati ilikuwa imo ndani ya mkaa, mbona imekataa kutoka? Na ile gesi isiyopata hewa ya kumalizia kuungua ndiyo inayoua watu waliolala na jiko chumbani, madirisha yamefungwa. Mwalimu anayelijua hilo ana somo zima mkononi kabla hajaandika neno ubaoni, na ana jambo la kumwambia mwanafunzi ambalo linaweza kuokoa familia yake msimu wa mvua.

Vitabu hulieleza kwa vifungo vya atomi: kuvunja kifungo kunadai nishati, kufunga kifungo kunatoa nishati. Wanafunzi wengi huligeuza, wakidhani kuvunja ndiko kunakotoa. Hapa naona msaada wa mchuuzi wa dagaa anayedamka kwenda soko la Mwaloni, Kirumba. Yeye hutoa mtaji kwanza, na faida ni kile kinachozidi baada ya kuuza. Hajaikuta faida ndani ya dagaa. Kutenganisha atomi za kaboni kwenye gramu 12 za mkaa kunagharimu kilojuli 717, kuivunja oksijeni inayohitajika 498. Huo ni mtaji wa 1,215. Vifungo vya kaboni dayoksaidi vinapofungwa hurudisha karibu 1,608. Kinachozidi ni 393, na ndicho kinachochemsha maharage. Ile alama ya hasi inayowachanganya watoto nayo hunyooka hapo hapo: daftari linaloandikwa ni la kemikali, si la sufuria. Kilichotoka kwao kimewapungukia wao, hata kama mpishi amefaidi.

Sasa tuvuke ziwa. Meli ziendazo Bukoba kutoka Mwanza hutia nanga Kemondo, na abiria wachache wanajua kwamba pale waakiolojia walifukua mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kuchimba Buhaya, nchi ya Wahaya, pamoja na Katuruka penye habari za mti wa Kaiija unaohusishwa na ufuaji chuma, kisha yeye na mwenzake Donald Avery wakawaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri upya. Majaribio ya mwanzo hayakwenda sawa. Kazi ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi, tangu chuma cha bei rahisi cha kutoka nje kilipoijaza nchi. Hatimaye wazee wakapata chuma, na mwaka 1978 Schmidt na Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science.

Tazama walichofanya wazee wale. Walichimba shimo, wakalizungushia udongo wa kichuguu ambao hauyeyuki ovyo. Ndani ya shimo walichoma matete ya bwawani mpaka yakawa makaa mepesi yenye nafasi nyingi. Juu wakajenga tanuri la kimo cha mtoto wa shule ya msingi, wakapitisha mirija ya udongo ikiingia ndani kabisa kuelekea katikati, na nyuma ya kila mrija akakaa mtu wa mivukuto. Mkaa na mawe ya chuma viliongezwa kwa zamu. Kazi nzima ilikuwa kutafuta hewa kiasi gani iingie, na ifike wapi.

Kipimo hicho ni kigumu kuliko kinavyosikika. Hewa ikiwa chache, tanuri halipati joto la kuyayeyusha mavi ya chuma yatiririke na kujitenga. Ikizidi, kaboni monoksaidi yote inaungua, wakati ndiyo inayohitajika kuipokonya chuma oksijeni yake. Gesi ileile inayoua chumbani Mabatini ndiyo mfanyakazi mkuu wa tanuri la Kemondo. Na hapa kuna jambo la kumshangaza mwanafunzi: ule mmenyuko wa kaboni monoksaidi kuichukua oksijeni ya mawe ya chuma hutoa joto dogo tu, kilojuli kama 25 kwa kila gramu 160 za oksidi ya chuma. Halafu kaboni dayoksaidi inayozaliwa, ikikutana na mkaa wa moto, hugeuka tena kuwa monoksaidi, na hatua hiyo hufyonza kilojuli 172 kwa kila moli. Sehemu moja ya tanuri inatoa joto, nyingine inalila. Mzee wa mivukuto aliyahisi hayo kwa rangi ya moto na sauti ya tanuri.

Nisieleweke vibaya. Siwezi kusema wazee wa Kihaya walijua enthalpi, ile hesabu ya joto la mmenyuko. Ni majivuno ya bure ambayo hayawasaidii wao wala sisi. Kwao tanuri lilikuwa kama tumbo la mama, shimoni ziliwekwa dawa, na wayeyushaji walijizuia kulala na wake zao mpaka kazi iishe. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini tanuri la jana liligoma, huenda angetaja mwiko uliovunjwa kabla ya kutaja hewa. Swali lao lilikuwa: limeiva? Walilijibu kwa usahihi uliolisha nchi kwa majembe. Hata upande huu wa kusini mwa ziwa, majembe ya Uzinza yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, mengine yakatolewa mahari. Kitu ambacho hawakukihitaji, na hawakukitafuta, ni kujua kiasi gani.

Kiasi gani ni swali la Paris. Wanasayansi Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, katika baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, walitengeneza chombo chenye kuta mbili kilichojaa barafu. Barafu ya nje ilizuia joto la chumba. Ya ndani iliyeyushwa na kile kilichowekwa katikati, na maji yaliyochuruzika yalipimwa kwa mizani. Waliweka humo mkaa unaoungua. Kisha wakaweka simbilisi akiwa hai. Wakalinganisha maji yaliyopatikana na hewa chafu iliyotolewa, wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Napenda jaribio hili kwa sababu vifaa vyake ni vya Mwanza kabisa: mkaa, na barafu iliyopondwa ambayo wafanyabiashara wa samaki hununua kila siku. Gramu moja ya kaboni ikiungua kikamilifu hutoa joto la kuyeyusha karibu gramu 98 za barafu. Kipande kidogo cha mkaa kinaweza kujaza glasi kadhaa za maji.

Aliyeunganisha vipimo vya namna hiyo ni Germain Hess, mzaliwa wa Geneva aliyekulia Urusi na kufundisha kemia St Petersburg. Mwaka 1840 alitangaza kwamba joto la jumla la mmenyuko haliangalii umepita hatua ngapi, bali umeanzia wapi na kuishia wapi. Ile hesabu yetu ya miali ya buluu, 110.5 na 283, ndiyo kanuni yake. Tena ndiyo njia ya kuipata ile 110.5, maana hakuna anayeweza kuunguza mkaa ukatoa monoksaidi tupu na kupima joto lake moja kwa moja. Hupatikana kwa kutoa. Hess huyo aliandika pia kitabu cha kemia kwa Kirusi kilichotumika mashuleni na vyuoni miaka mingi, wakati wasomi wenzake wengi nchini humo waliandika kwa lugha za magharibi. Nalitaja hilo nikijua kwamba mwanafunzi wetu hufundishwa enthalpi kwa Kiingereza, miaka miwili tu baada ya kutoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili.

Lakini mfano mzuri kuliko wote wa kanuni ya Hess uko kwenye kuta za Kilwa. Mafundi wa pwani walikusanya matumbawe, wakayapanga juu ya duara la magogo, wakawasha. Kwenye nyuzi kama 900 jiwe la chokaa hufyonza kilojuli 178 kwa kila gramu 100, likatoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji au kunyeshewa na mvua hufura na kuchemka, ikirudisha kilojuli 65. Fundi huiacha ikae miezi, kisha huichanganya na mchanga na kujengea. Ukutani hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani taratibu, hurudi kuwa jiwe, na kutoa 113 zilizobaki. Jumlisha 65 na 113: ni 178. Joto la magogo limerudishwa lote, sehemu moja kwa kishindo mbele ya macho, nyingine kwa siri ndani ya ukuta wa msikiti ambao hakuna aliyewahi kuugusa akahisi ujoto. Duara limefunga, na darasa lenye ramani ya Tanzania ukutani halihitaji mfano wa kutoka nje.

Mabati nayo yana hesabu ya aina hiyo. Chuma kinachopata kutu kinarudi kule kilikotolewa na tanuri. Gramu 112 zake zikiwa kutu kavu zimetoa kilojuli 824. Paa halichomi mtu kwa sababu linalipa deni hilo kwa miaka, tena baada ya zinki iliyopakwa juu yake kuliwa kwanza. Kasi na kiasi ni mambo mawili tofauti, na muhtasari wetu wa miaka mingi, kabla ya mageuzi ya mitaala ya 2023, uliyaweka katika mada moja ya kidato cha tatu: kasi ya mimenyuko, msawazo na nishati. Mada iliyofuata ilikuwa uchimbuaji wa metali. Zilikaa jirani, lakini tanuri lililochorwa humo ni lile refu la viwandani linalotumia makaa ya mawe yaliyookwa. Kemondo haikuonekana, ingawa ingeziunganisha mada zote mbili kwa kipindi kimoja.

Mwanakemia Marcellin Berthelot wa Ufaransa ndiye aliyetuachia majina eksothemiki, yaani unaotoa joto, na endothemiki, unaofyonza joto. Yeye na Julius Thomsen wa Copenhagen walipima mimenyuko kwa mamia, kazi ya subira ya ajabu, kisha wakavuka mpaka: wakadai kwamba mmenyuko unaojiendea wenyewe lazima uwe unatoa joto. Berthelot, ambaye alifika kuwa waziri wa elimu, aliishikilia kanuni hiyo muda mrefu, hata baada ya mwanafizikia Helmholtz kuonyesha mwaka 1882 kuwa joto peke yake haliamui. Kosa lake linaweza kuonyeshwa kwa mbolea ya yurea kutoka duka la pembejeo. Weka gramu 30 katika mililita 100 za maji, koroga kwa kijiti. Yurea inayeyuka yenyewe, haikusukumwa na mtu, na maji hupoa kwa zaidi ya nyuzi 10; kikombe cha plastiki hutoa jasho kwa nje.

Mtu makini atasema huko ni kuyeyuka, si mmenyuko wa kikemikali. Ni kweli, na majirani zetu wa Kenya walilimaliza suala hilo kwa kuipa mada jina pana: katika mfumo wa 8-4-4, kidato cha nne kilisoma mabadiliko ya nishati katika michakato ya kikemikali na ya kimaumbile pamoja. Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Mtihani wao wa vitendo umekuwa ukimpa mtahiniwa kipimajoto na saa: soma joto kila nusu dakika, chora grafu, irefushe nyuma mpaka wakati wa kuchanganya, kokotoa joto la moli moja. Kwetu, mtihani wa vitendo umezoea kupima ujazo wa asidi na besi, kutambua chumvi, na lile jaribio la sodiamu thaiosalfeti ambapo alama ya msalaba inafichika chini ya chupa. Katika jaribio hilo joto limo, lakini kama kisababishi cha mbio. Mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amepasha kemikali joto mara nyingi bila kuwahi kupima joto ambalo kemikali zenyewe zimetoa.

Na hakuna kisingizio cha vifaa kwa somo hili, hata katika shule za kata ambazo maabara zake zilijengwa kwa michango ya kampeni ya 2014 na nyingine zikabaki kuta. Sufuria ya lita 2, kipimajoto na mzani wa duka vinatosha. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100 za kitabuni. Jambo hilo peke yake linastahili dakika tano za ubishi. Kuyatoa maji hayo nyuzi 25 hadi 96 kunahitaji kilojuli 594. Mkaa mzuri hutoa karibu kilojuli 30 kwa gramu, kwa hiyo gramu 20 zingetosha, kipande kinachoenea kiganjani. Wapime mkaa kabla na baada. Watakuta umekwenda mara kadhaa ya hapo, na swali la joto lililobaki limepotelea wapi litawafikisha kwenye bati la jiko, kwenye upepo wa ziwani, na kwenye ile buluu isiyopata hewa ya kutosha.

Swali la kiwango cha juu zaidi bado liko Kemondo. Schmidt na Avery waliripoti kuwa joto mbele ya mirija lilizidi nyuzi 1,800, na wakaeleza kwamba hewa ilipata moto ikiwa bado ndani ya mirija, kwa kuwa mirija ilipita katikati ya makaa kabla ya kufikia kitovu. Wataalamu wengine walipinga, wakisema hewa hupita kwa kasi mno kuweza kupokea joto la maana njiani. Ubishi huo umeandikiwa makala nyingi, na kidato cha tatu kinaweza kuuonja. Finyanga mrija wa udongo, uuchome, uulaze katikati ya jiko lililokolea, pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Kipimajoto cha shule kisitumike mdomoni pa mrija, maana huishia nyuzi 110 na kitapasuka. Elekeza hewa kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa, upime maji yanayochuruzika. Mita moja ya ujazo ya hewa, ambayo kwa kimo cha Mwanza ina uzito wa karibu kilo moja, ikitoka na nyuzi 300 huyeyusha kama gramu 900. Pampu ya baiskeli itachosha mikono kabla ya kufikisha kiasi hicho, kwa hiyo wapokezane, wahesabu mipigo, kisha warudie idadi ileile mrija ukiwa baridi na watoe maji ya mara ya pili kwenye yale ya kwanza.